Meli ya Kitambaa na Meli ya Kompyuta

Msomaji, wewe uliyezaliwa huku Bahati, mbali na bahari, huenda nyumbani kwenu mna picha ya mjomba amesimama mbele ya meli kubwa. Itazame tena. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na msafiri wa bara akasimama mbele yake. Mawimbi yamekunjamana palipokunjamana kitambaa. Viatu vya mjomba ni vikavu. Picha hiyo haimdanganyi mtu. Yasema tu kwamba mjomba alitamani safari, nami naihesabu kuwa sanaa.

Siku hizi fundi huchukua picha ya kale, tuseme ya Kenya Castle, meli ya abiria iliyoanza safari mwaka 1952, ikifika Mombasa, hata ikauzwa mwaka 1967. Huitia rangi kwa kompyuta, akaongeza machweo na umati wa watu wanaopunga mikono. Mshono hauonekani. Lakini akiupaka ubavu weupe, amekosa: meli za Union-Castle zilikuwa na ubavu wa zambarau hafifu na dohani nyekundu yenye ncha nyeusi. Na kivuli cha dohani kikiangukia upande ule ule lilipo jua, hata asiyeijua bahari atacheka.

Kubuni si kosa. Mchoraji wa Likoni alibuni kumshinda huyu. Kosa ni kubuni na kuficha, hata mjukuu akaitia picha hiyo katika historia ya ukoo, akiapa kwamba babu yake yumo katika umati ule.