Pongezi kwa mwalimu wa darasa la kwanza

Mtoto akifaulu la saba, husifiwa mwalimu wa la saba. Mimi namsifu wa la kwanza. Huku Mulanda, wilaya ya Tororo, Uganda, tangu mtaala wa 2007 huyo hufundisha kusoma kwa lugha ya nyumbani, Dhopadhola. Mwenzake wa Busia, upande wa Kenya, anacho Kiswahili.

Huyo wa Busia anaandika bata. Anafuta b, anaweka p: pata. Kisha k: kata. Vina vinaimba vyenyewe. Kitoto cha nyuma kinarukia, "Nata!" Ndiyo, kama utomvu wa fenesi. Kesho ni ukoo wa soma: somo, msomaji, msomi. Chaki imebaki kama punje ya hindi, naye bado anaishika.