Divai "Kavu" Ni Divai Gani? Uhakiki wa Istilahi za Kinywaji cha Zabibu

Mtu anayeanza kukijua kinywaji cha zabibu, awe mnywaji, mhudumu wa hoteli au mfanyabiashara, huwa na maswali yanayofanana. Je, mvinyo na divai ni kitu kimoja? Je, divai kavu hutengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa? Mbona inayoitwa nyeupe si nyeupe? Je, iliyokaa miaka mingi ndiyo bora? Tumeyachunguza maswali haya kwa jicho la istilahi, na tumeona kwamba aghalabu muulizaji hana kosa. Amelisoma neno kama Kiswahili kinavyolisema, akalielewa kama lilivyo. Aliyekosea ni mtafsiri.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme kwamba makala haya hayamwiti mtu yeyote kunywa. Wako wasomaji wetu wengi ambao dini yao inawakataza kileo, nao wana haki ya kusoma bila ya kushawishiwa. Lakini lugha ya taifa haina budi kukitaja kila kinachouzwa sokoni, kinachotozwa ushuru na kinachompatia mkulima riziki. Kukitaja kitu kwa usahihi si kukisifu.

Tuanze na jina lenyewe. Neno mvinyo limetokana na vinho la Kireno, lugha ya mabaharia waliofika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498. Neno divai limetokana na du vin la Kifaransa. Siku hizi limeongezeka neno la tatu, waini, lililotoka katika Kiingereza. Kuwa na maneno matatu si dhambi. Lugha nyingi zina visawe. Tatizo ni kwamba mvinyo, tangu kamusi za zamani, limebeba maana mbili: kinywaji cha zabibu, na pia pombe kali ya namna yoyote. Hata Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, haikushika njia moja. Neno moja la Kigiriki, oinos, limekuwa divai katika habari za arusi ya Kana, na likawa mvinyo pale Mtume Paulo anapowaonya Waefeso wasilewe. Huenda watafsiri walihisi kwamba neno mvinyo lina ukali zaidi, likafaa kwa maonyo. Kwa mhubiri jambo hilo halina madhara. Kwa mwanasheria na mfanyabiashara lina madhara makubwa.

Twasema hivyo kwa sababu kinywaji cha zabibu kilichochachuliwa tu, ambacho kwa kawaida kina kileo cha asilimia 9 hadi 15, si sawa na kinywaji kilichokenekwa, ambacho mara nyingi hufika asilimia 40. Ushuru wao hauwi mmoja. Tena, sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania imekuwa ikiitoza kiwango nafuu divai ambayo zabibu za nchini zimezidi asilimia 75. Nafuu hiyo iliwekwa ili kumlinda mkulima. Ikiwa neno tunalotumia laweza kumaanisha pia pombe kali, au kinywaji cha nanasi, au maji yaliyotiwa rangi na spiriti, basi ukuta huo umejengwa kwa matofali mabichi. Kanuni ya istilahi ni kwamba neno moja lichukue dhana moja. Kwa hiyo twapendelea divai kwa kinywaji cha zabibu kilichochachuliwa, kwa kuwa halina maana ya pili. Mvinyo liachiwe mazungumzo ya kawaida na fasihi, ambako upana wake ni utajiri. Tunatambua kwamba wengi, hasa nchini Kenya, wanasema mvinyo kwa dhana hiyo hiyo. Hatuwazuii, twasema tu kwamba hati rasmi yahitaji neno lisilobishaniwa.

Sasa tuje kwenye divai kavu, au mvinyo mkavu, kama inavyoandikwa katika vibandiko vya chupa na orodha za vinywaji. Hapa tafsiri imekwenda kombo mara mbili. Kwanza, kwetu sisi kinyume cha ukavu ni umajimaji, na hakuna kinywaji kisicho majimaji. Pili, neno zabibu limetoka katika Kiarabu, ambako zabib ni tunda lililokwisha kukaushwa. Na mpaka leo neno hilo moja twalitumia kwa tunda bichi na kwa zabibu kavu za kutia katika pilau na keki. Basi mtu akisoma divai kavu ana haki kabisa ya kudhani kwamba imetokana na zabibu kavu. Na kumbe divai za namna hiyo zipo! Kule Italia divai ya Amarone hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa kwanza zikanyauka.

Maana iliyokusudiwa ni nyingine. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Ikila karibu sukari yote, divai haibaki na utamu. Ikizuiwa mapema, utamu hubaki. Wafaransa waliiita ile isiyo na utamu sec, Waitaliano secco, Wajerumani trocken, na maneno yote hayo huko kwao humaanisha pia ukavu. Huo ni usemi wao. Hata kwao wenyewe umewapotosha: kwa kanuni za Ulaya divai ya kawaida huitwa hivyo ikiwa sukari yake haizidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 ikiwa ukali wa tindikali yake unatosha, lakini chupa ya champagne iliyoandikwa sec huwa na gramu 17 hadi 32, yaani ina utamu dhahiri. Kwa nini tuazime taa ambayo mwenyewe inamfukia moshi? Divai isiyo tamu ni maneno ya Kiswahili yanayoeleweka na mpishi, mnunuzi na mkaguzi.

Kosa hili limezaa jingine. Wanaoanza huonja divai nyekundu, wakahisi kinywa kimekauka na ulimi umekuwa mzito, wakasema, "Hii ndiyo kavu." Hisia hiyo haihusiani na sukari, yatokana na tanini zilizomo katika maganda na kokwa. Nasi neno lake tunalo tangu utoto: ukakasi. Kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo la mkorosho anaujua ukakasi bila ya kufundishwa. Vivyo hivyo ugwadu, ladha ya ukwaju na embe bichi, ni tofauti na ukakasi, na ni tofauti na uchungu. Lugha iliyotenga ladha hizi tatu kwa maneno matatu haina sababu ya kuomba moja kwa jirani.

Haifai lakini kukataa kila tafsiri ya moja kwa moja kwa kuwa ni ya moja kwa moja. Divai nyeupe ni ya rangi ya manjano hafifu, kweli. Lakini Kiswahili hutumia weupe kwa upana, kwa maana ya kutokuwa na giza, na hakuna aliyepotea njia kwa neno hilo. Linalopaswa kuelezwa ni kwamba hata zabibu nyingi nyeusi zina maji yasiyo na rangi. Wekundu hutoka katika maganda yanapoachwa kuloana na maji yake. Divai nyeupe na divai nyekundu na zibaki. Bali wanapotuambia kwamba divai ina mwili, pua na miguu, hapo tunakataa. Uji na mchuzi kwetu ni mzito au mwepesi, na divai iwe hivyo. Pua ni harufu. Miguu ni michirizi inayoteremka ndani ya bilauri.

Swali la umri ni gumu zaidi. Divai nyingi hutengenezwa ili zinywewe katika miaka michache. Chache tu ndizo zinazostahimili kuwekwa muda mrefu. Mgema wa mnazi angeshangaa kusikia kwamba kila kinywaji cha kale ni bora, maana anajua tembo la jana likoje leo. Lakini hoja yetu ni juu ya kibandiko. Huko Ulaya mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo watafsiri wameandika mwaka wa mavuno. Dodoma mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka. Mwaka peke yake haumwambii mnunuzi ni zabibu zipi zilizokamuliwa, za kipindi cha mvua au za kiangazi. Istilahi inayotufaa ni msimu wa mavuno, ikifuatwa na mwaka. Hapa neno la kigeni likitafsiriwa vizuri kabisa bado linakuwa na kasoro, kwa kuwa halikuiona ardhi yetu.

Na ardhi hiyo ina watu wenye maneno. Tangu wamisionari Wakatoliki walipopanda mizabibu huko Bihawana, wakulima wa Dodoma wamekuwa na muda wa kutosha wa kujitungia lugha ya kazi. Maji ya zabibu yaliyokamuliwa wao huyaita mchuzi wa zabibu. Msomaji wa mjini huenda akacheka akikumbuka wali. Asicheke. Zabibu haziwezi kungoja. Mkulima asiyepata mnunuzi kwa wakati huziona zikiozea shambani, na kukamua mchuzi ni njia ya kuokoa jasho lake. Neno hilo limezaliwa katika haja, nalo lastahili kuingia kamusini. Twaona upungufu mmoja tu: hutumiwa kwa maji mabichi na pia kwa yale yaliyokwisha kuchachuka katika matangi. Bei na ushuru wa hatua hizo mbili haviwezi kuwa sawa. Twapendekeza mchuzi mbichi na mchuzi uliochachuliwa, ili mkulima anapotia saini mkataba ajue anauza kipi.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi watunga istilahi tukisifiwa kwa wingi wa maneno tuliyoyatoa, huenda tukaanza kutia maji ya watu wengine. Kabla ya kufungua kamusi ya kigeni, tumwendee kwanza anayepogoa mzabibu na anayepanda mnazi. Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wasomaji, hasa wale wa Dodoma, wayapime, wayakosoe na kuyaongeza, maana neno ambalo mwenye kazi yake amelikataa halitadumu, hata likipigwa muhuri.