Wafagiaji wa Roland Garros
Mpenzi wa tenisi wa Mapendo, Goma, aliyezoea vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo, ana sababu ya kuwatazama kwanza watunzaji wa viwanja vya Roland Garros, Paris. Wekundu wa viwanja hivyo ni unga wa matofali, wenye unene wa milimita moja au mbili tu juu ya tabaka la mawe ya chokaa. Ukikauka hupeperuka, ukilowa mno, mpira huwa mzito. Basi watunzaji huumwagia maji kwa kipimo, na seti ikiisha huburuta nyavu na kufagia mistari. Mtu atasema ufagio haushindi mechi. Kweli, lakini mwamuzi hushuka kitini kukagua alama ya mpira kwenye unga huohuo. Pasipofagiwa, alama ya zamani huchanganyika na mpya, na pointi ya ubingwa hukosa ushahidi.