Mawe Yabaki Nje ya Duara

Miongozo mingi ya walimu wa watoto wadogo ina ukurasa unaofanana: shule ikikosa pesa za vifaa, mwalimu aokote. Mawe ya kuhesabia, mchanga wa kuchorea herufi, udongo wa kufinyanga, magunia ya kukalia. Kwa shule nyingi za maternele, yaani shule za awali, hilo ni shauri zuri. Kwa Kasulo ni shauri baya, na ukichunguza kwa nini ni baya utaelewa jinsi kifaa kinavyofanya kazi katika duara la asubuhi, watoto wanapoketi pamoja na mwalimu.

Kasulo ni mtaa wa Kolwezi, Kongo, uliojulikana mwaka 2014 kwa kilichokuwa chini ya nyumba zake. Mkazi aliyekuwa akichimba kiwanjani kwake alikuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti, na muda si mrefu mashimo yakafunguka uani, vyumbani na kando ya njia. Mwaka 2017 wakuu wa jimbo la Lualaba walihamisha wakazi wa sehemu ya mtaa, eneo likazungushiwa ukuta, na ununuzi wa madini yake ukaenda kwa CDM, kampuni tanzu ya Huayou ya China. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya damu na mkojo. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mno kuliko watu wa eneo la jirani waliolinganishwa nao, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa watoto hao zilionekana pia dalili za madhara kwenye DNA.

Sasa mpe mtoto wa miaka mitatu kokoto tano zilizookotwa nje ya mlango wa darasa. Atazishika, atazigonganisha, na moja itaingia mdomoni kabla hujamaliza kusema “mbili”. Hilo peke yake lingetosha kuyaacha mawe nje.

Lakini yana kasoro ya pili, na kwa mwalimu hiyo ndiyo nzito. Mtoto anayekulia karibu na wachimbaji hulijua jiwe kabla hajaijua namba. Amewaona wakubwa wakiosha, wakichagua, wakipima kwa mkono. Ukimwekea mawe ahesabu, yeye atayapanga kwa rangi na uzito, meusi huku na mekundu kule, na mwenzake atamuuliza bei. Darasa litachangamka sana, ila halitakuwa linahesabu. Kila kifaa huingia darasani na habari zake, na habari za jiwe la Kasulo zina nguvu kuliko sauti ya Madamu, mwalimu wake.

Friedrich Fröbel angelielewa hili. Huyu ndiye Mjerumani aliyefungua mwaka 1837, mjini Blankenburg, kituo ambacho baadaye alikiita Kindergarten. Watu husahau kwamba alikuwa mtu wa mawe: kabla ya hapo alifanya kazi kwenye makumbusho ya madini ya Berlin, chini ya profesa Christian Samuel Weiss, akishughulika na fuwele. Ila alipochagua kifaa cha kwanza cha mtoto, hakuchukua fuwele. Alichukua mpira laini wa nyuzi uliofungwa kamba. Mipira ilikuwa sita, kila mmoja na rangi yake.

Siri iko kwenye kamba. Mpira unashuka nyuma ya kiganja, haupo. Unavutwa, upo. Unazunguka, unapanda, unalala. Kila mwendo una neno lake, na mtoto hulisikia neno wakati uleule anapouona mwendo. Picha ya ukutani haiwezi kufanya hivyo, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Kolwezi mpira huo hauna gharama. Fundi cherehani yeyote ana mabaki ya kitenge. Yakazwe yawe donge la ukubwa wa chungwa, yafungwe kitambaa kimoja juu, kamba ishonwe ndani badala ya kufungwa kwa fundo. Unafuliwa Ijumaa, Jumatatu umekauka.

Wengi huuharibu mpira huu kwa kuupitisha mkono kwa mkono. Fanya hesabu: watoto 40, kila mmoja akipewa sekunde 10 za kuushika na kusema jina lake, ni dakika 6 na sekunde 40. Ukimtaka aseme na kitu alichokula asubuhi, sekunde 20, unakaribia robo saa. Mtoto wa thelathini atakuwa amekwisha kumlalia jirani. Tunasema watoto wa leo hawatulii, kumbe tumewaweka kwenye foleni. Afadhali mpira uruke: Madamu anaurusha kwa yeyote, bila mpangilio, na wote hutazama kwa sababu yeyote anaweza kuupata. Watoto kumi na wawili wakishika leo, wengine watashika kesho. Wakati huohuo kila mtoto awe na kitu chake kidogo cha kujibia. Gunzi la mahindi linafaa sana: mpira ukipanda, magunzi juu, ukishuka, magunzi chini. Vifuniko vya bia ya Simba na Tembo, ambavyo majina yake yangependeza mno kwa somo la wanyama, naviogopa. Vina meno, na vinatosha kumkaba mtoto.

Kifaa cha pili ninachokitetea ni mfuko. Mfuko wa kitambaa kizito, mdomo wa kuvuta kamba, na ndani kitu kimoja tu. Vikiwa vitatu, mtoto anapekua. Kikiwa kimoja, anafikiri. Madamu ameficha mwiko. Mtoto anatia mkono, macho juu.

“Iko murefu.”

“Eeh, na huku mwisho?”

“Iko... bapa.”

Mwenzake hawezi kungoja: “Miye najua! Ni ya bukari!”

Mwiko haujatoka bado, na tayari tumepata urefu, umbo na matumizi: kusonga bukari, yaani ugali. Ungeanza kwa kuuonyesha, ungepata neno moja likirudiwa na darasa zima. Ufundi wote uko katika kuchelewesha macho. Nchi hii haikuhitaji kufundishwa kwamba kidole hukumbusha ulimi: Waluba wana lukasa, ubao wenye shanga ambao mjuzi wa chama cha Mbudye aliushika mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu yake huku akisimulia habari za wafalme. Tofauti ni kwamba lukasa ilikuwa ya wateule, na mfuko ni wa kila mtoto.

Kutumia vitu vya nyumbani darasani si wazo geni upande wetu. Mombasa, mpango wa Madrasa ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said, ulijenga shule za awali kwa vitu vya nyumbani na vya pwani, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Uzuri wa mpango ule ni kwamba walimu walifunzwa kutengeneza vifaa wenyewe, na wazazi wakahusishwa. Aliyeshona kifaa anajua kukitumia, na kikichanika anakishona tena. Lakini huwezi kuibeba orodha ya Mombasa hadi Lualaba. Kule unaokota kombe ufukweni bila wasiwasi. Hapa anza jikoni na kwa fundi cherehani, usianze barabarani.

Halafu kuna mdoli wa soksi, ambao naona unatumiwa chini ya uwezo wake. Madamu huuimbisha, watoto wanacheka, basi. Mpe mdoli tabia moja: hasikii Kifaransa. Madamu akisema “rouge”, mdoli anashangaa na kuwageukia watoto. Papo hapo wao ndio wafasiri, na yule mtoto asiyethubutu kumjibu mwalimu humnong’oneza soksi.

Tumebakiwa na mkeka, ambao hakuna anayeuhesabu kama kifaa. Magunia yaliyobeba madini yasikaliwe, hata yakikung’utwa, kwani kuyakung’uta ndiko kunakorusha vumbi. Turubai la plastiki lifutwe kwa kitambaa kibichi kabla watoto hawajakaa, wala lisifagiliwe. Mikono ioshwe wakiingia, si wakati wa kula tu. Haya yanataka maji, na maji yanataka pesa. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 iliwekwa kwa shule za msingi za umma, maternele ikabaki mfukoni mwa wazazi. Kwa hiyo kamati ikiwa na pesa ya kitu kimoja, inunue bidoni (madumu ya maji) mbili na beseni. Picha za ukutani kutoka Lubumbashi zinaweza kungoja mwaka ujao.