Jirani wa Baden-Powell

Wageni wanaofika kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri wengi wao huenda moja kwa moja kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Hupiga picha kando ya jiwe lenye duara na nukta katikati, alama ambayo mfuata nyayo humwachia njiani mwenzake anayekuja nyuma: nimekwenda nyumbani. Wachache husogea kutafuta kaburi la Jim Corbett, aliyezikwa hapo hapo mwaka 1955. Kwa maoni yangu alama ile ingemfaa zaidi huyu wa pili. Baden-Powell aliwaandikia vijana kitabu cha kufuata nyayo. Corbett alizifuata miaka mingi, akijua kwamba akikosea kuzisoma hataiona kesho.

Sifa aliyobaki nayo duniani ni ya bunduki. Mwaka 1907 alimwua chui milia jike wa Champawat, anayehesabiwa kuwa aliua watu 436 huko Nepal na India. Mwaka 1926 akamwua chui wa Rudraprayag, aliyeua watu 125 katika njia ya mahujaji wa Kihindu kwa muda wa miaka minane. Hesabu za namna hii humpendeza msimuliaji wa barazani. Lakini ukikaa na vitabu vyake, kuanzia Man-Eaters of Kumaon cha mwaka 1944, utagundua kwamba risasi huchukua mstari mmoja au miwili tu. Kurasa nyingine zote ni za mtu aliyekaa kimya, anasikiliza.

Alizaliwa Nainital, milimani kaskazini mwa India, tarehe 25 Julai 1875, mtoto wa nane wa mkuu wa posta. Baba yake alifariki Jim hajatimiza miaka sita. Majira ya baridi familia ilishuka Kaladhungi, kwenye tambarare chini ya milima, na huko msitu ulianzia uani. Mtoto yule alianza alifu kwa ujiti. Aliwapanga ndege wote aliowajua katika makundi: hawa wa kupendezesha msitu, hawa wa kuimba, hawa wa kutoa habari ya hatari. Kundi hili la mwisho ndilo lililomlea. Kaka yake Tom alimfundisha, na Kunwar Singh, mkuu wa kijiji aliyekuwa pia mwindaji haramu hodari, alimfundisha kupanda miti na kutoogopa giza la vichaka. Silaha yake ya kwanza ilikuwa gobori la mitutu miwili, mmoja umepasuka, nalo limefungwafungwa kwa waya wa shaba. Mwenye silaha ya namna hiyo hujifunza upesi kutazama kwanza.

Na alitazama nini? Mchanga wa njia, kwa mfano. Unyayo wa chui milia dume una umbo la mraba kidogo, wa jike umerefuka. Hapo ndipo wengi wetu tungeishia, tukajiona mabingwa. Yeye aliuliza zaidi: umande umeanguka juu ya unyayo au unyayo umevunja umande? Punje za mchanga za ukingoni zimeshaporomoka au bado zimesimama? Jani lililokanyagwa, je, limelala moja kwa moja, au lingali linajiinua polepole? Kama linajiinua, mnyama amepita sasa hivi, na inawezekana yuko karibu kuliko unavyopenda.

Kisha sauti. Kima akilia kilele cha mti, ameona, maana yeye hutazama kutoka juu. Tausi anajibu upande wa pili, halafu paa wa madoadoa, halafu kimya. Corbett aliunganisha sauti hizo moja moja mpaka akajua mwindaji wa miguu minne anaelekea wapi, anatembea au ameketi, bila kumwona hata ncha ya mkia. Aliweza kukaa kitandani nyumbani usiku akasikiliza msitu ukimpitisha chui kutoka bonde hili hadi lile.

Lakini jambo ninalolirudia kila nikifungua vitabu vyake ni upepo. Aliwaza hivi: chui milia hajui kwamba binadamu hana pua ya maana. Kwa hiyo anapotuwinda hututendea kama anavyowatendea wanyama wengine: hutukaribia upande ambao harufu yake haitatufikia. Basi ukitembea upepo ukikupiga usoni, hatari iko mgongoni kwako, na huko huna macho. Dawa yake ilikuwa kutokwenda moja kwa moja. Alikata upepo huku, akageuka akaukata kule, ili hatari iwe kulia, kisha kushoto, isiwe nyuma kamwe. Mtu wa Lamu au wa Pemba hahitaji kuelezwa. Huko ni kubisha. Nahodha hubisha ili afike, Corbett alibisha msituni ili arudi.

Kungoja nako kulikuwa kazi yake. Huko Rudraprayag alikesha usiku baada ya usiku juu ya mwembe kando ya njia ya mahujaji, chini yake mbuzi mwenye kengele shingoni. Kiza kilikuwa kikubwa hata macho hayakuwa na faida. Tarehe 2 Mei 1926 kengele ilitikisika ghafla, akamulika, akapiga. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 63, alimfuata chui milia jike wa Thak, na siku alizojipangia zikawa zinakwisha. Alikuwa ametambua kwa sauti kwamba jike huyo anatafuta dume. Jioni ya mwisho, mwanga ukiwa unazimika, akamwita kwa mlio wa dume kutoka kooni mwake. Jike akaitikia. Akaitwa tena, akaja mpaka hatua chache kutoka kwenye jiwe alipoegemea. Hapo akapiga.

Miaka hiyo mikono yake ilikuwa imeshaanza kupendelea kamera. Kamera ya sinema ya zama zile ilikuwa na mlio, na chui milia humsikia mpiga picha kabla hajamaliza. Corbett akageuza maji ya kijito, akayapangia maporomoko madogo madogo, ili mvumo wa maji ufunike mlio wa mashine. Kwangu mimi kijito kile kinapita ngozi zote alizopiga picha nazo.

Hakuoa. Watu wa kwetu wangeuliza upesi, basi familia iko wapi? Ilikuwa ile aliyozaliwa nayo. Kijana bado, alikwenda kufanya kazi ya reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia uvushaji wa mizigo mto Ganges huko Mokameh Ghat, akiwatunza mama yake na dada zake. Alikwenda kuwinda walao watu katika likizo. Champawat alikubali kwenda kwa masharti mawili, zawadi ya serikali ifutwe na wawindaji wengine waondolewe. Alipomfungua kinywa jike yule aliyekufa, alikuta meno ya upande wa kulia yamevunjwa na risasi ya zamani ya mtu fulani, akaandika wazi kwamba hilo ndilo lililomfanya ale watu. Kwenye kijiji cha Choti Haldwani alijenga ukuta wa mawe kuyazunguka mashamba, nguruwe mwitu wasiyamalize, na alipoondoka India aliwaachia walimaji ardhi.

Alihama mwaka 1947, India ikijitawala, yeye na dada yake Maggie, wakaishi Nyeri katika nyumba ndogo ya Paxtu iliyojengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti, pamoja na Elizabeth wa Uingereza, aliyepanda mtini akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia. Miaka miwili baadaye wapigania uhuru wa Mau Mau wakalichoma jengo lile. Sina haja ya kumfanya Corbett malaika. Alikimbia bendera moja iliyoshushwa akajisitiri chini ya bendera ile ile mahali pengine, na sidhani kwamba sauti iliyokuwa ikitoka misitu ya Aberdare aliisikia vizuri kama alivyomsikia tausi wa Kaladhungi. Sikio hilo lilikuwa na upande mmoja mzito.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1955, muda mfupi baada ya kumaliza kitabu kidogo kuhusu usiku ule wa Treetops. Baada ya kifo chake hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, iliyofunguliwa mwaka 1936, ikapewa jina lake. Maggie alibaki Nyeri hadi alipofariki mwaka 1963.