Mgogoro Usio na Mpinzani: Neno, Kiwanda cha Kawe na Riwaya ya Mbogo

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania hufundishwa mapema kuorodhesha migogoro: ya kiuchumi, ya kijamii, ya kisiasa, ya kiutamaduni na ya nafsi. Orodha hiyo ina manufaa yake darasani, hasa wakati wa mtihani. Hata hivyo, inaficha tatizo la kisemantiki ambalo uhakiki umelivumilia kwa muda mrefu mno: neno mgogoro hubeba dhana mbili zisizokuwa na tabia moja katika sentensi.

Dhana ya kwanza ni mgongano. Mgogoro huo huwa baina ya fulani na fulani, nao husuluhishwa. Dhana ya pili ni kukwama kwa jamii, pale taratibu zilizozoeleka za kuendesha maisha zinapokoma kufanya kazi. Mgogoro wa kiuchumi wa nchi hauko baina ya mtu na mtu. Ukiongezewa “baina ya”, hugeuka ugomvi wa mali. Hapa mgogoro unakaribiana na janga, ambalo nalo halina mpinzani, ila janga husemwa kana kwamba limetoka nje. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliitwa janga, na baadhi ya waathirika wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Jina hilo liliitanguliza mvua. Swali la nani huishi bondeni, na kwa nini, likabaki nyuma. Inafaa kukumbuka kwamba kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalipa neno mgogoro maana ya kikwazo kinachomzuia mtu njiani. Maana hiyo kongwe haimhitaji adui.

Matumizi ya leo yameegemea dhana ya kwanza, na Kawe inatoa mfano mzuri. Kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilianzishwa huko katika miaka ya 1940, kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig. Baadaye kilifungwa, jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala na kwenye viwanja vya mikutano. Kukoma kwa viwanda vya namna hiyo husimuliwa kwa kitenzi kimoja: kiwanda kilikufa. Kitenzi hicho si elekezi, na kiima chake si mtenda. Hakimwachi mtu wa kuulizwa. Kinachopata jina la mgogoro ni ardhi, kwa kuwa ina wadai wawili, mipaka na hati, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 imeipa mabaraza ya kusikiliza mashauri. Kwa hiyo ugomvi wa kiwanja una jina na mahali pa kupelekwa. Kukwama kwa jamii kunakofuata kufa kwa kiwanda hakuna.

Uhakiki wa Watoto wa Mama N’tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo umefuata mkondo huohuo. Hutajwa mgogoro wa Mama N’tilie na mumewe mlevi, Lomolomo, kisha wa watoto na shule inayowafukuza kwa kukosa ada na sare. Migongano hiyo imo, na Lomolomo hastahili kutetewa. Lakini ondoa ulevi wake wote: ada bado haipo, na biashara ya chakula kando ya barabara haitoshi kuilipa. Mwalimu anayewarudisha watoto nyumbani anatekeleza utaratibu. Kumfanya mpinzani ni kumtafutia msomaji mtu wa kumlaumu. Kutoka hapo njia ya Peter na Zita inaelekea jalalani, na ya Peter inafika kwenye dawa za kulevya, bila kuhitaji mhusika mwovu wa kuwasukuma. Wauza dawa wapo, ila wanawakuta watoto ambao shule imekwisha kuwatoa.

Nguvu ya riwaya iko katika kikwazo hicho kisicho na sura, na ndicho orodha ya migogoro inachokiacha nje. Mhakiki anayeandika “suluhisho la mgogoro” chini ya jina la Mama N’tilie hana budi kwanza kumtaja mtu ambaye, mama huyo akipatana naye, ada ingelipwa. Mbogo hakumwandika mtu huyo.