Shingo ya Kipandikizi: Kupima Kazi Njema katika Taya Jembamba

Sifa zinazomiminwa siku hizi juu ya vipandikizi vya meno katika mataya membamba hutolewa, mara nyingi, na watu waliotazama picha moja ya eksirei na kusoma tarakimu moja kwenye mashine, na ndiyo maana kazi mbovu hupigiwa makofi yaleyale yanayostahili kazi njema. Skrubu ya titani huonekana imesimama wima, hesi zake, yaani mizunguko iliyochongwa ili iume mfupa, zimekaa sawasawa, na mashine imeandika Nyutoni-sentimita 70 za nguvu ya msokoto. Ajuaye kazi hii hubaki na swali ambalo picha hiyo haina uwezo wa kulijibu.

Eksirei ya kawaida ya jino huonyesha mfupa ulio kulia na kushoto mwa kipandikizi tu. Ukuta wa mfupa unaoelekea mdomo, ambao kwenye meno ya mbele ya taya la juu mara nyingi haufikii hata milimita 1 ya unene, hufunikwa na kivuli cha titani yenyewe. Picha ya pande tatu nayo huchafuliwa na metali mahali hapohapo panapohitaji kuonekana. Hivyo sehemu inayokufa kwanza ndiyo isiyoonekana, na mlaghai analijua hilo vizuri kuliko mgonjwa wake.

Hatima ya ukuta huo huamuliwa na shingo, yaani sehemu ya juu ya kipandikizi inayokaa kwenye ukingo wa taya. Chini, ambako mfupa una vitundu vilivyojaa uboho, hesi ndefu na zilizoachana zina manufaa, kwa kuwa hushika eneo kubwa la mfupa laini, na umbo linalopungua kuelekea nchani husaidia kubana. Juu hali ni nyingine kabisa, kwa sababu huko mfupa ni gamba gumu lisilokunjika, na shingo inayopanuka hulisukuma nje kama skrubu nene iliyokazwa pembezoni mwa ubao ambao seremala hakuutoboa kwanza. Ukuta mwembamba hauna uboho wa maana. Hutegemea zaidi damu ya utando unaoufunika, utando ambao daktari ameshauinua alipofungua ufizi. Ukibanwa baada ya kunyimwa damu, hauvunjiki siku hiyo bali huliwa polepole, na baada ya miezi kadhaa ufizi hurudi juu na weusi wa metali hujitokeza. Kipandikizi kinachotunisha shingo hakifai kwa taya jembamba, na juu ya hilo hakuna haja ya mjadala.

Bingwa hutambulikana katika mizunguko miwili ya mwisho ya kukaza. Akihisi msokoto umepanda ghafla wakati shingo inaingia kwenye gamba, hukirudisha kipandikizi nyuma, hupanua mdomo wa tundu kidogo, kisha hukiingiza tena, akikubali tarakimu ndogo. Mabingwa wengi huridhika na takriban Nyutoni-sentimita 35, hata kama wanakusudia kuweka taji mapema. Mlaghai huendelea kukaza, kisha huipiga picha namba. Anayemshangilia hutofautisha kwa shida uthabiti wa awali, ambao ni ule mbano wa siku ya upasuaji, na uthabiti wa baadaye, unaoletwa na mfupa mpya kushikana na titani. Wa kwanza hushuka kabla wa pili haujakomaa, na karibu na wiki ya 3 au ya 4 kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa.

Hesabu ya upana nayo ni ya kikatili. Katika ukingo wa milimita 6, kipandikizi cha milimita 4.1 kikiwekwa katikati huacha chini ya milimita 1 kila upande; cha 3.3 kikisogezwa kuelekea kaakaa huweza kuacha 1.7 mbele, na chini ya 1.5 hakuna kazi ya kusifiwa. Wembamba huo una gharama, kwa maana fimbo ya metali ikipunguzwa kutoka milimita 4 hadi 3 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ya kustahimili kupindwa. Aloi ya titani yenye takriban asilimia 15 ya zirkoni ilipata umaarufu kwa sababu hiyo, ingawa aloi njema haiokoi shingo iliyotobolewa ndani hadi kuta zake zikawa kama karatasi. Wanaonakili miundo ya watu hunakili hesi, zinazoonekana, na kukosea usahihi wa kiungo kati ya kipandikizi na taji, usioonekana.

Tatizo la taya jembamba si jipya. Leonard Linkow wa New York alilikabili katika miaka ya 1960 kwa kipandikizi bapa kilichochomekwa kwenye ukingo mwembamba, na wazo lake lilikuwa la heshima, ijapokuwa mara nyingi nyama ya makovu ndiyo iliyokizingira badala ya mfupa. Per-Ingvar Brånemark wa Göteborg, Uswidi, aliyemtibu mgonjwa Gösta Larsson mwaka 1965, alitumia skrubu za kawaida zisizo na mbwembwe, akatoboa polepole huku maji yakipoza mfupa, na utaratibu wake ukataka kungoja takriban miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Larsson alivitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Subira ya namna hiyo sasa huitwa ushamba, na wauzaji wa meno ya siku moja wamefaidika sana na jina hilo.

Mgonjwa mwenye taya jembamba na aache kuuliza kipandikizi kimekazwa kwa nguvu kiasi gani. Amwombe daktari amwonyeshe, kabla ya upasuaji, ukuta wa mbele utabaki na milimita ngapi, na asiyeweza kuonyesha asipewe kazi.